Mama Springi na Jino la Skrubu

Shangazi yangu hakubali kuambiwa kochi lina nini ndani. Mteja anaweza kusimama mlangoni mwa karakana akaapa kwamba mbao ni ngumu, sponji ni nzima, kinachohitajika ni kitambaa tu, na Shangazi atamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, huku ameshalipindua kochi miguu juu na anachana kile kitambaa cheusi cha chini. Hataji bei kabla hajatia mkono ndani. Akimaliza kupapasa anagonga fremu kwa mpini wa nyundo, anatega sikio, kisha anatoa hukumu ya maneno mawili. "Hii inabeba." Au, "Hii haibebi." Akishasema haibebi, uje na mashahidi wako wote, habishani na wewe tena.

Aliyoyakuta ndani ya makochi ya watu ndiyo yaliyomfanya awe hivyo. Amekuta majani makavu, mifuko ya saruji iliyokunjwa, nusu ya blanketi la mtoto. Mara moja, ndani ya kochi la ngozi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi, alikuta suruali mbili za mwanamume, moja ikiwa bado na mkanda wake kiunoni. Mwenye kochi alisema hazijui. Mkewe, aliyekuwa amesimama pale pale, alisema ndiyo, si zake. Shangazi anasema hiyo ndiyo siku aliyoacha kuamini kitu chochote kilichofunikwa.

"Nyumba njema si mlango," hupenda kusema, na mimi ndiye ninayemalizia, "fungua uingie ndani." Naishi kwake kwa sababu shule yangu iko karibu na kwake kuliko kwa wazazi wangu. Chumba changu kimetenganishwa na karakana kwa ukuta wa mbao tu, kwa hiyo methali hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko kengele ya shule. Nilikuwa nadhani haiwezi kumdhuru mtu. Ilikuja kumponza mwenyewe, kwa meno yake mawili ya mbele.

Meno hayo aliyapoteza kazini. Springi za makochi ya zamani hukandamizwa kwa mikono na kufungwa kwa kamba ya katani, na siku hiyo kamba ilikuwa imeoza katikati bila kuonekana kwa nje. Shangazi alikuwa ameinama juu yake. Springi ikaruka. Fundi simu wa kibanda cha jirani anasema alisikia sauti moja tu, kama kengele ya baiskeli, halafu kimya. Alipokimbilia ndani alimkuta Shangazi amekaa sakafuni anatema misumari, na katikati ya misumari kulikuwa na meno mawili. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Mama Springi. Anaitikia bila kinyongo. Anasema jina ukilikataa ndipo linapozidi kunoga.

Misumari ilikuwa inafanya nini mdomoni? Mimi pia niliuliza nilipokuwa mdogo. Fundi makochi wa enzi zake huijaza mdomoni, ulimi unageuza msumari mmoja kichwa mbele, meno yanaubana, nyundo yenye sumaku inaufuata pale pale na kwenda kuupigilia, na muda wote huo mkono wa pili unavuta kitambaa kisilegee. Ukimtazama ni kama cherehani yenye macho. Sasa pengo lilipoingia, misumari ikawa inamponyoka. Mara ainame chini kuitafuta, mara nusura aimeze. Alijaribu bunduki ya pini, akasema pini ni za watu wasiotaka kochi lifike mwaka wa pili. Kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa nzima.

Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba alianza kuongea na watu huku amejifunika mdomo kwa kiganja. Mwanamke aliyekuwa akibishana na madereva wa malori ya mbao mpaka wanapunguza bei na kuomba msamaha, sasa akitajiwa bei anatikisa kichwa tu na kukubali. Nilikuwa namtazama nikiwaza, mtu huyu anadai vya watu vifunuliwe, na yeye anajifunika.

Alipata meno ya kuvaa, yale ya kuchomeka na kuchomoa, na kwa siku chache akacheka. Ila yalikuwa yanalegea akibana msumari, kwa hiyo wakati wa kazi aliyatoa na kuyaweka popote. Popote pakawa ndani ya kiti cha mteja. Tulitafuta karakana nzima, tukapekua hadi majivu ya jiko, na kiti kimeshapelekwa kwa mwenyewe, kimeshonwa safi. Ikabidi Shangazi aende kwa yule mteja, mama mmoja anayejisikia sana, aombe kukifungua kiti kipya ubavuni kwa sababu, alisema, kuna springi anaitilia shaka. Mteja alisimama pale pale akitazama. Shangazi alipotoa mkono alikuwa amekunja ngumi, akaitia mfukoni. "Springi yenyewe iko wapi?" mteja akauliza. Shangazi akatikisa kichwa kuwa imepona.

Aliporudi alisema meno yasiyokaa kwake hayataki tena. Na baba yangu, ambaye ni kaka yake, akamwambia habari za mtu wa kazini kwao aliyepandikizwa meno: wanatoboa mfupa wa taya, wanakaza skrubu, na juu ya skrubu wanasimamisha jino ambalo halitoki hata ukilala nalo.

"Wanakupanda jino kama mche," Shangazi akasema. "Na wewe ulimwona akitobolewa?"

Baba akakiri hakumwona. Aliona meno tu.

"Meno hata mimi ninayo kwenye kikombe."

Hata hivyo tulikwenda, yeye na mimi. Aliniambia niache kila kitu nikawe jicho lake, kwa kuwa mtu hawezi kujitazama mdomoni. Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Ilikuwa safi hata nikaogopa kukanyaga. Chumba cha kungojea kilikuwa na kochi la kijivu, na kabla hatujakaa vizuri niliona mkono wa Shangazi unateleza chini ya kochi, unapapasa kile kitambaa cheusi, unabonyeza. Akagonga ubavuni kwa kidole, ko, ko, akainamisha kichwa.

"Haibebi," akaninong'oneza. "Ubao wa maboksi. Kama kochi lao ndilo hili, skrubu zao zikoje?"

Daktari alikuwa dada aliyewazidi umri kidogo tu wanafunzi wa chuo, mrefu, mwenye barakoa iliyomfunika kuanzia chini ya macho mpaka kidevuni. Alikuwa na taya la plastiki mezani, akatuonyesha. Nilikuwa na maswali mengi kuliko mgonjwa, na aliyajibu yote. Alieleza kwamba kuna njia nyingine, ya kusaga meno mazima ya pembeni ili yabebe daraja la meno, na Shangazi akaikataa hapo hapo. Alisema hawezi kuchonga mguu mzima wa kochi kwa sababu mwenzake umevunjika. Daktari akasema basi ni vipandikizi. Kwanza skrubu, mbili, ndani ya mfupa. Halafu kungoja miezi kadhaa. Halafu ndipo meno yenyewe.

"Tunangoja nini?" Shangazi akauliza kupitia kiganja chake.

"Mfupa uishike skrubu, mama. Utakua wenyewe, uizunguke, uigande. Kinachotakiwa ni isibughudhiwe."

Shangazi alitoa kiganja mdomoni. Hapo nikajua mambo yamekuwa mazito.

"Binti yangu, mimi napiga skrubu kila siku. Skrubu inashika siku unayoikaza, au haishiki kabisa. Sijaona mbao inayopewa miezi ya kufikiria."

"Mbao imekufa, mama," daktari akasema. "Mfupa uko hai."

Kwa kweli jibu hilo lilinifurahisha sana, nikalirudia moyoni ili nikamwambie mwalimu wa biolojia. Shangazi halikumfurahisha. Tukishuka ngazi aliniuliza kama nimeyaona meno ya daktari. Nikasema sikuyaona, barakoa haikushuka hata mara moja. Akasema basi, hapo ndipo penyewe, daktari wa meno asiyeonyesha meno. Nikamkumbusha kwamba kinyozi hajinyoi.

"Hajinyoi, lakini kichwa chake tunakiona."

Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na kwa sharti kwamba siku ya kazi mimi niwe ndani, nishuhudie skrubu inaingia. Siku hiyo daktari alinitoa nje. Alisema mle ndani panatakiwa pawe safi na watu wachache, na hakuna mjadala. Nilikaa kwenye lile kochi la maboksi nikisikiliza mlio mwembamba wa mashine unapanda na kushuka. Shangazi alitoka na pamba mdomoni, shavu limevimba, macho yamenikazia mimi kana kwamba ndiye niliyeikimbia kazi.

Ganzi ilipoisha maneno yake ya kwanza hayakuwa ya maumivu. Alisema walimtia ganzi, wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu, wakamtoa shahidi wake nje. "Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema, "na gunia lenyewe ni mdomo wangu."

Nilimkumbusha ile picha ya eksirei ambayo daktari alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta, skrubu mbili nyeupe zimesimama ndani ya taya. Akanijibu kwamba fundi simu anaweza kumtoa kwenye picha amekaa mwezini anasuka nywele.

Kilichokuwa kinaonekana kwa macho ni vifuniko viwili vidogo vya chuma, vimechungulia kwenye fizi kama vifungo vya shati. Katikati ya kila kimoja kulikuwa na tundu dogo sana la pembe sita. Daktari alisema hivyo ni vifuniko tu, vinalinda skrubu chini yake na kuifanya fizi ipone vizuri. Shangazi asitafunie mbele, asukutue kwa maji ya chumvi, na asiviguse. Ulimi wake lakini haukuwa na la kufanya. Ungemwona ameshika mkasi, kitambaa kimetandazwa mezani, na ndani ya mdomo ulimi unazunguka, unazunguka.

Uvimbe ukaisha. Maumivu yakaisha. Mtu mwingine angeshukuru, yeye akazidi kuwa na mashaka. Aliniuliza kama nilishawahi kuchomwa na mwiba, nikasema ndiyo. Uliuma? Uliuma. Mwiba mdogo tu wa mguuni unauma, sasa vipi skrubu nzima iwe ndani ya mfupa isiume? Kusema ukweli nami nikaanza kuvitazama vile vifungo kwa jicho jingine, hasa alipokuwa anacheka, vikimeta.

Fundi simu ndiye aliyemwaga mafuta ya taa. Yeye hana ubaya, ila hana simulizi isiyo na mkia. Alisema amesikia habari za mtu, hakumbuki wapi, aliyebandikwa vifungo kwa gundi juu ya fizi, chini hakuna kitu, na ilipofika siku ya meno kliniki ikawa duka la mapazia. Shangazi alimwambia aache uzushi wake. Lakini hakuondoka pale kibandani. Alikaa akatazama zile bisibisi zake zilivyopangwa kwenye ubao kuanzia kubwa hadi ndogo, na jioni hiyo nikapita pale kununua vocha, fundi simu akaniita pembeni.

"Hivi cherehani ya Mama Springi ina tatizo gani?"

Nikamwambia haina tatizo.

"Mbona kaazima bisibisi yangu ya mwisho kabisa, ya pembe sita? Hiyo ni ya skrubu ya ukubwa wa kiroboto. Cherehani gani hiyo?"

Nilitembea kwenda nyumbani haraka kuliko kawaida, lakini nilimkuta anashona mito, bisibisi haionekani popote, na nilipomuuliza alisema alitaka kukaza miwani. Miwani yake ni ya kufungwa kwa kamba, haina skrubu hata moja.

Jumamosi nilikwenda shuleni kwenye mazoezi ya mpira wa wavu. Niliporudi mchana karakana ilikuwa imefungwa kwa komeo la ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea wateja wakiwa macho. Nikagonga. Ikachukua muda. Alipofungua alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kama zamani, na kwenye meza ya kukatia vitambaa kulikuwa na kioo cha kunyolea kimeegemezwa kwenye kopo la misumari, taa ya mkono inawaka, na bisibisi imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa na doa jekundu dogo kama tone la wino.

"Shangazi, umefanya nini?"

Alikwenda kukaa kwenye stuli yake akageukia ukuta. Nilizima taa, nikasogeza kioo, nikachemsha maji nikatia chumvi, nikamletea. Alisukutua, akatema, maji yakawa ya waridi. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Nilitaka nikichungulie tu. Kama tunavyochana kitambaa cheusi. Nione chuma kipo, nifunge, nitulie. Nikakigeuza kifuniko, kikaanza kuzunguka, nikafurahi. Halafu nikasikia huku juu, karibu na pua, kitu kizima kinazunguka pamoja nacho."

"Kimoja au vyote viwili?"

"Hiki cha kulia. Cha kushoto nilikuwa bado sijakifikia."

Alikirudisha alivyoona inafaa, akakikaza kidogo, akaogopa, akaacha. Sasa hakujua kama amekaza kifuniko au ameharibu kila kitu. Nilimwambia twende kwa daktari siku ile ile. Hapo aligeuka kutoka ukutani, na nikaona shaka imerudi usoni pake kama mtu anayerudi kwenye kiti chake alichokizoea.

Alisema haendi. Kwanza, kama skrubu ingekuwa imeshika, isingezunguka kwa bisibisi ya simu. Maana yake haikuwahi kushika. Maana yake yule dada alijua haishiki ndiyo sababu akaleta hadithi za mifupa inayokua, ili miezi ipite na lawama ipoe. Pili, akienda sasa, daktari atapata pa kusingizia. Atasema, "Ni wewe." "Na kweli ni wewe," nilitaka kusema, ila kwetu mtoto hamwambii shangazi yake hivyo.

Siku zilizofuata alikuwa anagonga vile vifuniko. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao, kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa mpini wa kijiko cha chai. Kushoto, ti. Kulia, dup. Kushoto ilikuwa sauti ya kikombe cha udongo mgumu. Kulia ilikuwa sauti ya mto wa kochi. Sikuhitaji kuwa fundi kuijua ile sauti, na yeye aliijua zaidi yangu. Uji aliunywea upande mmoja. Akaanza tena kukubali bei za watu kwa kutikisa kichwa. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo, kidole kimegusa kifungo cha kulia, kifungo kinacheza.

"Vaa viatu," akaniambia. "Lakini kule usiseme neno."

Safari hii daktari aliniruhusu kukaa ndani, kwenye kiti cha pembeni. Alimlaza Shangazi, akavuta taa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna kitu chochote kilichotokea. Ameanguka? Ametafuna kitu kigumu? Amegusa?

"Sikugusa," Shangazi akasema.

Nilitazama viatu vyangu. Daktari alichukua kifaa fulani chenye kioo kidogo, akatazama tena. Alisema hili tundu la kifuniko limekwaruzwa. Shangazi akasema huenda ni mswaki. Na kwa macho ya daktari tu, kwa sababu ndiyo peke yake yaliyokuwa yanaonekana, nikaona naye ameanza kumshuku mgonjwa wake. Wakatazamana hivyo, kila mmoja akimpima mwenzake, mmoja kalala na mmoja kasimama.

"Mama, nisikilize," daktari akasema. "Skrubu hii ya kulia haishiki tena, nitaitoa. Swali langu ni hii ya kushoto. Kama ya kulia imelegezwa na ugonjwa, basi ugonjwa unaweza kuwa umehamia na huku, na siwezi kuiacha. Itabidi nifungue fizi nione ndani. Kama ni mkono wa mtu, ya kushoto sitaigusa, nitaiacha ishike."

Chini, dukani, mtu alikuwa anakata kioo, kile kisauti kinachokwaruza mgongo. Nilimtazama Shangazi. Nadhani katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye neno lile, nifungue nione ndani. Kiganja chake kilianza kupanda kwenda mdomoni, kikafika kifuani, kikakaa hapo.

"Usifungue," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote. Bisibisi, kioo cha kunyolea, kitu kilichozunguka karibu na pua. Alieleza hata habari za gundi na duka la mapazia. Fundi simu hakumtaja, alisema ni mtu tu. Mwisho akasema, "Nilitaka nijue kama ipo."

Daktari hakumgombeza. Nilitegemea amgombeze na nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia. Alimpa ganzi kidogo, akaingiza vidole vyake vyenye glovu, na skrubu ikatoka bila hata kuvutwa, kama mkia wa mjusi. Akaisuuza, akaiweka kwenye kiganja cha Shangazi.

"Ndiyo hii."

Shangazi aliinuka akakaa. Nikasogea bila kuitwa. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiria, ya kijivu, imechongwa vizuri ajabu, na ndani ya mapindo yake kulikuwa na vipunje vidogo vimeganda, vyeupe vyenye wekundu, ambavyo maji hayakuweza kuvitoa. Shangazi alijaribu kukikwangua kimoja kwa ukucha. Hakikutoka.

"Hii nini?"

"Ni wewe," daktari akasema. "Mfupa wako. Ulikuwa umeshaanza kuishika. Wiki hizi za katikati ndizo inapokuwa dhaifu kuliko zote, ndiyo maana nilisema isiguswe."

Shangazi aliigeuza ile skrubu, akaigeuza tena. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta, amekishika mkononi, amekiona ndani na nje, na kilikuwepo kweli. Na sababu ya kukiona ni kwamba hakikuwa tena mahali pake. Sijui kama aliwaza hivyo. Mimi ndivyo nilivyowaza.

"Na hii nyingine?" akauliza kwa sauti ndogo.

Daktari akaigonga kwa mpini wa kifaa chake. Ti.

Alimweleza kwamba tundu la kulia litaachwa lizibwe na mfupa, halafu watarudia mwanzo, skrubu mpya, kungoja upya. Ya kushoto itangoja mwenzake. Shangazi akakubali, lakini akasema ana ombi, na ni la heshima tu, lisichukuliwe vibaya. Anaomba daktari ashushe barakoa.

Daktari alishangaa, akanitazama mimi, kisha akaishusha. Alikuwa na meno meupe ya kawaida, moja limepinda kidogo kwa chini, na katikati ya yale mawili ya juu alikuwa na mwanya, mpana, wa kuzaliwa nao.

Shangazi alimtazama muda.

"Mwanya wote huo," akasema, "na wewe unauficha."

Walicheka wote wawili, na mmoja kati yao hakuwa na meno yake mawili ya mbele.

Ile skrubu aliomba apewe. Aliifunga kwa uzi wa kushonea turubai akaitundika ukutani juu ya cherehani, usawa wa macho. Miezi ile ya kungoja nilijifunza kumsoma. Ulimi ukianza kuzunguka shavuni, macho yanapanda ukutani, yanaiona skrubu inaning'inia, ulimi unatulia. Bisibisi alimrudishia fundi simu akamwambia cherehani imepona, na fundi simu akasema pole, kwa kuwa mtaani kwetu hakuna cherehani inayougua bila watu kujua. Makochi bado aliyachana chini kama kawaida yake. Mteja mmoja alilalamika kwamba huko ni kutoamini watu. Shangazi akamwambia kochi limekufa, kwa hiyo linafunguliwa, vilivyo hai ndivyo vinavyoachwa. Mteja hakuelewa kitu.

Siku ya meno tulikwenda pamoja tena. Kabla ya kuanza, daktari alimpa Shangazi kioo akamwambia akishike mwenyewe, na mimi akaniita nisimame karibu na taa. Tuliona kila kitu. Vifuniko vilitolewa, na chini yake skrubu zilikuwepo, zimetulia. Jino la kwanza likakazwa, la pili likakazwa, kwa kifaa kilicholia tik kilipofika mwisho. Daktari alitoa masharti yake, la kwanza likiwa kwamba msumari wowote usiingie kati ya meno haya, na Shangazi akaguna lakini hakubisha. Kisha akatoa mfukoni kijiko chake cha chai. Alikuwa amekuja nacho.

Akagonga kushoto. Akagonga kulia. Aliinamisha kichwa kusikiliza, vile vile anavyofanya juu ya fremu ya mtu.

"Hii inabeba," akasema.

Daktari hakujua uzito wa maneno hayo, akaitikia tu asante. Tulipokuwa tunapita chumba cha kungojea Shangazi alilitazama lile kochi la kijivu, akamwambia dada wa mapokezi, mdomo wazi, bila kiganja, kwamba siku wakitaka watengenezewe kochi la maana wamtafute. Tukashuka ngazi. Katikati ya ngazi akasimama.

"Wewe ulimwona alivyokaza?"

Nikasema nilimwona.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Shangazi."

Akashuka ngazi moja, akasimama tena.

"Hii ya kulia, ulisikia ile tik?"